Kutoka Uzi Mpaka Gundi: Habari za Kufunga Majeraha

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya mataifa. Ni historia ya jambo dogo linalomhusu kila mtu: namna wanadamu walivyojifunza kufunga mkato katika ngozi. Tutaanza na sindano na uzi, tutapita kwenye vipini vya chuma, na tutafika kwenye tone la gundi. Fuateni kwa kidole mstari kwa mstari. Penye neno gumu tutasimama kidogo tulieleze.

Huenda mmoja wenu akauliza: somo hili latufaa nini? Latufaa kwa sababu kila mmoja wetu hukatwa siku moja, kwa panga shambani, kwa kisu jikoni, au kwa bati la nyumba. Tena siku hizi gundi ya kushika upesi, ile ambayo wengi huiita supaglu, inauzwa madukani kwa bei ndogo. Gundi hiyo ni ndugu wa gundi ambayo madaktari hufungia majeraha. Mtu akisikia habari hizo nusu nusu, aweza kufikiri kwamba ile ya dukani itamfaa pia. Haitamfaa. Historia itatuonyesha sababu yake.

1. Kazi ya kufunga jeraha

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ngozi nayo ni ukuta. Inazuia maji ya mwili yasitoke, na inazuia uchafu na vijidudu visiingie. Ikikatwa, mlango umefunguka.

Mwili wenyewe huanza mara moja kuufunga mlango huo. Damu huganda, kisha nyama mpya huota kutoka pande zote mbili za mkato. Kingo za jeraha zikiwa karibu, kazi ni fupi na kovu huwa dogo. Kingo zikiwa mbali, kazi ni ndefu, kovu huwa pana, na vijidudu hupata nafasi ya kuingia.

Basi shikeni neno hili, maana tutalirudia. Uzi hauponyi jeraha, wala gundi haiponyi. Mwili ndio unaojiponya. Uzi na gundi ni kama mikono miwili inayoshikilia kingo zikae pamoja mpaka mwili umalize kazi yake.

2. Watu wa zamani

Katika mwaka wa 1862, Mmarekani mmoja aliyeitwa Edwin Smith alinunua maandiko ya kale katika mji wa Luxor, nchi ya Misri. Yalikuwa yameandikwa juu ya mafunjo, yaani karatasi iliyotengenezwa kwa majani ya mtoni. Mwaka wa 1930 mtaalamu James Henry Breasted alitoa tafsiri yake, na watu wakaona kwamba ni kitabu cha udaktari, chenye umri wa miaka 3,600 hivi. Kinaeleza majeraha moja baada ya moja, na namna ya kuyatibu. Baadhi yalishonwa. Mengine yalivutwa pamoja kwa vipande viwili vya kitambaa cha kitani. Katika habari ya jeraha moja la bega, daktari anaagizwa kwamba akikuta nyuzi zimelegea na jeraha limefunguka, alivute kwa vitambaa hivyo. Kwa hiyo twaona kwamba tangu zamani sana watu walijua njia mbili: kupitisha uzi ndani ya nyama, na kushikilia ngozi kutoka juu.

Katika nchi ya Hindi, maandiko ya mganga Sushruta yanataja njia ya ajabu zaidi. Utumbo ulipopasuka, sisimizi wakubwa weusi waliwekwa penye mkato ili waume kingo zote mbili kwa pamoja. Kisha kiwiliwili kilikatwa, kichwa kikabaki kimeng'ang'ania. Yeyote aliyewahi kuumwa na siafu ataelewa jinsi meno hayo yanavyoshika.

Huko Cordoba, katika Hispania ya Waislamu, daktari Al-Zahrawi, aliyefariki mwaka wa 1013, alieleza katika kitabu chake matumizi ya nyuzi zilizotengenezwa kwa matumbo ya wanyama. Nyuzi za namna hiyo zina faida moja kubwa: mwili huziyeyusha wenyewe polepole, kwa hiyo zinaweza kuachwa ndani.

3. Mganga wa Bunyoro

Sasa tuje kwetu, Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1879 kijana Mwingereza, Robert Felkin, aliyekuwa na elimu ya udaktari, alikuwa akisafiri katika nchi ambayo leo ni Uganda. Mahali palipoitwa Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, aliona mganga wa huko akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mwaka wa 1884 Felkin aliandika habari hizo katika jarida la udaktari la Edinburgh, na madaktari wa Ulaya walizisoma kwa mshangao mkubwa.

Angalieni taratibu ya kazi yenyewe. Kwanza mama alinyweshwa pombe ya ndizi ili apunguziwe maumivu. Kisha mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe hiyo, halafu kwa maji. Akapasua, akamtoa mtoto. Baadaye alizikutanisha kingo za jeraha kwa vipini 7 vyembamba vya chuma kilichong'arishwa vizuri, akavifunga kwa uzi wa magome. Juu yake akapaka dawa nzito iliyotengenezwa kwa mizizi ya namna mbili iliyotafunwa. Akaifunika kwa jani la mgomba lililopashwa moto, na mwisho akafunga kwa nguo ya magome ya mti.

Vipini havikutolewa vyote kwa siku moja. Vilitolewa vichache vichache, na kufika siku ya sita vilikuwa vimekwisha. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona, na mama na mtoto walikuwa hai.

Nataka mwone mambo mawili. La kwanza, dawa ya mizizi ilikaa juu ya jeraha, lakini kilichoshika kingo kilikuwa chuma. Gundi ya kushika ngozi yenyewe ilikuwa bado haijapatikana. La pili, na ndilo kubwa: mganga yule aliosha kwanza, akafunga baadaye. Huko Glasgow, daktari Joseph Lister alikuwa ameanza mwaka wa 1865 kusafisha majeraha kwa dawa ya kuua vijidudu, na wenzake wengi walimpinga kwa miaka. Huku Bunyoro, kabla ya kisu kugusa ngozi, mikono ilioshwa.

4. Gundi za kwanza

Kushona ni kazi nzuri, lakini kuna taabu zake. Sindano inaumiza. Dawa ya ganzi, yaani dawa ya kuondoa maumivu, nayo huingizwa kwa sindano. Kila tundu la uzi ni jeraha jipya dogo, na baada ya siku kadhaa mgonjwa hurudi ili nyuzi zitolewe. Kwa sababu hiyo madaktari walitafuta kwa muda mrefu kitu cha kupaka juu ya ngozi.

Mwaka wa 1848 John Parker Maynard wa Boston, Marekani, alitangaza dawa iliyoitwa kolodioni. Ilikuwa pamba iliyotiwa tindikali kali, kisha ikayeyushwa katika etha. Ilipopakwa juu ya ngozi, etha iliruka hewani na kuacha utandu mwembamba unaokaza. Neno utandu maana yake ni ngozi nyembamba inayotanda juu ya kitu, kama ule wa juu ya maziwa yaliyopoa. Kolodioni ilisaidia mikato midogo, lakini haikuwa na nguvu ya kuchukua mahali pa uzi.

5. Kitu kilichowaudhi watu mara mbili

Sasa twafika katika kiini cha somo letu. Mwaka wa 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mtaalamu wa kemia Harry Coover alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Eastman Kodak ya Marekani. Yeye na wenzake walitafuta plastiki safi kama kioo, ya kutengenezea vyombo vya kulengea shabaha vya bunduki. Katika kujaribu walikutana na kundi la kemikali liitwalo sianoakrileti. Kemikali hizo ziliwaudhi sana, kwa kuwa zilinata katika kila kitu zilichokigusa. Wakaziweka kando.

Miaka ikapita. Mwaka wa 1951 Coover alikuwa Kingsport, katika jimbo la Tennessee. Safari hii kazi ilikuwa kutafuta plastiki isiyoharibiwa na joto, kwa ajili ya vifuniko vya vyumba vya marubani wa ndege za jeti. Mwenzake, Fred Joyner, alitia tone la sianoakrileti kati ya vipande viwili vya kioo vya chombo cha kupimia mwanga. Alipomaliza kupima alijaribu kuvitenganisha vile vioo. Havikutengana. Chombo cha thamani kilikuwa kimeharibika.

Mtu mwingine angekasirika na kuitupa kemikali ile mara ya pili. Coover alitafakari. Aliona kwamba kile walichokiita kasoro kilikuwa ndiyo faida yenyewe. Hawakuwa wamepata plastiki mbaya. Walikuwa wamepata gundi nzuri kuliko nyingi, gundi isiyohitaji moto wala kubanwa kwa muda mrefu. Mwaka wa 1958 kampuni ilianza kuiuza kwa jina la Eastman 910. Hiyo ndiyo babu wa supaglu ya madukani.

Inashikaje? Ndani ya chupa yake ni maji maji, kwa sababu chembe zake zimekaa mbalimbali, kila moja peke yake. Zikigusa unyevu, hata kidogo sana, hushikana moja na nyingine kama watu wanaoshikana mikono katika ngoma, mpaka kuwa mnyororo mrefu mgumu. Jambo hili hutokea kwa muda mfupi mno, nalo hutoa joto. Sasa fikirini: ngozi ya mtu ina unyevu daima. Ndiyo maana gundi hii hunasa vidole kama ulimbo unavyonasa ndege.

6. Miaka arobaini kutoka dukani mpaka hospitali

Ikiwa gundi hii inapenda unyevu, na mwili una unyevu, kwa nini isifunge majeraha? Coover na wenzake waliliwaza jambo hilo mapema. Wakati wa vita vya Vietnam, mwaka wa 1966, kikundi maalumu cha madaktari wa jeshi la Marekani kilipewa gundi ya namna hii ya kunyunyizia. Askari aliyekuwa akivuja damu nyingi alinyunyiziwa penye jeraha, damu ikasimama, akapata muda wa kufikishwa hospitali. Watu waliokuwa karibu kufa waliokolewa.

Hata hivyo, serikali ya Marekani haikuruhusu gundi hiyo itumiwe kwa watu wote. Je, ilikuwa ni ukaidi tu? Hapana. Kulikuwa na sababu, nayo imo katika umbo la kemikali yenyewe.

Kila chembe ya sianoakrileti ina mkia wa kaboni. Katika gundi za kwanza mkia huo ulikuwa mfupi, wa kaboni 1 au 2. Gundi yenye mkia mfupi huvunjika upesi ndani ya mwili, na inapovunjika hutoa sumu. Mojawapo ya sumu hizo ni fomaldehaidi, ambayo watu huitumia kuhifadhia maiti. Tena gundi hiyo hutoa joto jingi na kukauka ikiwa ngumu kama kioo. Basi ilikuwa ikishika kingo za jeraha na papo hapo kuziunguza na kuzidhuru. Kwa askari anayekufa hatari hiyo ilivumilika. Kwa mtoto aliyejikata kidevu akicheza, haikuvumilika.

Wataalamu wakaendelea kuurefusha mkia. Gundi yenye kaboni 4 ilivunjika polepole zaidi, na sumu yake ilikuwa kidogo. Hospitali za Ulaya na Kanada ziliitumia kwa miaka mingi. Lakini ilikauka ikawa ngumu, ngozi ilipokunjwa ikapasuka. Ndipo ikatengenezwa gundi yenye kaboni 8, ambayo hupindika pamoja na ngozi.

Hata hapo haikutosha kusema kwamba ni nzuri, ilibidi ipimwe. Mwaka wa 1997 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio lililofanywa Kanada. Wagonjwa walikuwa 130, na majeraha 136. Kwa kura, wengine walishonwa na wengine waligundishwa. Kushona kulichukua dakika 12.4 kwa wastani, na kugundisha dakika 3.6. Waliogundishwa walipata maumivu machache. Baada ya miezi 3 makovu yalitazamwa, na haikuonekana tofauti kati ya uzi na gundi. Mwezi wa Agosti 1998 serikali ya Marekani ikairuhusu gundi ya kaboni 8 kwa ajili ya ngozi.

Hesabuni wenyewe. Kutoka 1958, gundi ilipoanza kuuzwa madukani, mpaka 1998, ni miaka 40. Gundi hii hushika kwa nukta chache tu, lakini kuifanya ifae mwili wa mtu kulihitaji miaka arobaini. Harry Coover aliishi kuyaona hayo yote. Mwaka wa 2010 alipewa nishani na Rais wa Marekani, na mwaka wa 2011 alifariki, umri wake miaka 94.

7. Namna inavyotumika, na mipaka yake

Daktari hufanyaje? Kwanza huosha jeraha vizuri na kusimamisha damu. Halafu huzikutanisha kingo kwa vidole au kwa koleo ndogo. Akiisha kuzikutanisha, hupaka gundi juu ya ngozi, kamwe si ndani ya jeraha, maana gundi iliyoingia kati ya kingo huzitenga badala ya kuziunga. Hushikilia kwa muda mfupi mpaka utandu ukauke. Gundi zake nyingi hutiwa rangi, ya zambarau au buluu, ili aone alipopaka. Utandu huo hubanduka wenyewe baada ya siku 5 hadi 10. Hakuna nyuzi za kutoa. Mgonjwa huagizwa asiloweke mahali pale, asibandue, wala asipake mafuta ya mgando, kwa sababu mafuta hulegeza gundi.

Lakini gundi haikuufukuza uzi hospitalini. Jeraha refu na lenye kina hushonwa. Mahali panapokunjwa na kunyoshwa kila mara, kama goti na vifundo vya vidole, uzi hushika vizuri zaidi. Ndani ya kinywa gundi haikai. Jeraha la kuumwa na mbwa, au lililojaa udongo, halifai kuzibwa kwa gundi. Tena majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja yameonyesha kwamba jeraha lililogundishwa lina hatari kubwa kidogo ya kuachana kuliko lililoshonwa. Daktari ndiye anayepima na kuchagua.

Sasa turudi kwenye ile gundi ya dukani. Gundi nyingi za dukani zina mkia mfupi wa kaboni 2. Hazikutengenezwa katika usafi wa hospitali. Zinaunguza. Lakini hata kama zisingekuwa na sumu, kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi: mtu huziba kabla ya kuosha. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo, navyo husitawi mahali pasipo hewa. Ukifunika jeraha chafu kwa utandu mgumu, umewajengea adui nyumba na kuwafungia mlango kwa ndani.

Kwa hiyo ukikatwa, fanya hivi. Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Kandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu isimame. Ikiwa jeraha limefunguka, au lina kina, au damu haikomi, nenda zahanati upesi, siku ile ile, na uulize habari ya sindano ya pepopunda. Na kama supaglu ikinasa vidole vyako, usivute kwa nguvu. Loweka katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, ukavitenganishe polepole. Ikiingia jichoni, nenda hospitali.

8. Mwisho wa somo

Ndugu zangu, tumeona karatasi ya Misri, sisimizi wa Hindi, vipini vya Bunyoro, kolodioni ya Boston, na kemikali iliyowaudhi watu mara mbili kabla ya kuwafaa. Vitu vilibadilika, lakini kanuni ilibaki moja: safisha kwanza, kutanisha kingo, shikilia, kisha uache mwili ufanye kazi yake. Mganga wa Kahura alifuata kanuni hiyo mwaka wa 1879, na daktari mwenye gundi ya kaboni 8 anaifuata leo. Mwenye kuiruka hatua ya kwanza, awe ana uzi au gundi, hajafunga jeraha, amelificha tu.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini twasema kwamba uzi na gundi haviponyi jeraha?
2. Mganga wa Bunyoro alifanya nini kabla ya kupasua? Jambo hilo lilikuwa na faida gani?
3. Coover na wenzake waliikataa kemikali mwaka wa 1942. Kwa nini Coover aliithamini mwaka wa 1951?
4. Elezeni kwa maneno yenu tofauti ya gundi yenye mkia mfupi na ile yenye mkia mrefu.
5. Jirani yako amejikata kwa panga, naye anataka kupaka supaglu. Andika sentensi tatu utakazomwambia.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.